Waya Mnene wa Jikoni, Waya Mwembamba wa Kiberege

Mgeni rasmi, Bwana Mkubwa wa Simu uliyetoka Dar es Salaam, Bwana wa Kituo, akida wetu, nanyi nyote mliokaa juani:

Shikamoo, Bwana Mkubwa. Sisi wavuta waya wa Ifakara na Katindiuka tumefurahi kukuona. Furaha yetu ni kubwa mno, hata askari wamepita nyumba kwa nyumba alfajiri kutuhimiza tusichelewe kufurahi.

HISTORIA YA KAZI YETU

Vita vya Maji Maji vilipokwisha na njaa ikabaki, serikali iliona tunahitaji simu. Wapo waliodhani tunahitaji mbegu. Walikosea. Waya ulitoka pwani tukiwa tumeubeba vichwani, wa aina mbili, mnene na mwembamba.

Kiongozi wetu alikuwa Hermenegildi, fundi wa vikuku tangu kabla ya vita. Yeye hupima waya kwa punje ya mpunga: huuweka kando ya punje, huukunja, huung'ata, kisha husema unafaa kazi gani. Ule mnene ulilingana na punje nzima. Mwembamba ulikuwa nusu punje, na kikuku chake asingemvisha hata mtoto mchanga.

Akamwendea Bwana wa Kituo, kofia mkononi. "Bwana, Kiberege ni mwendo wa siku nzima. Sauti itachoka njiani. Huko tupeleke waya mnene. Huu mwembamba utatosha hapa nyumbani kwako, maana ni karibu."

"Wewe fundi wa vikuku ndiye wa kunifundisha simu?" Bwana akamwuliza. "Kitu kizuri hukaa kwa mkubwa. Mnene hapa, mwembamba Kiberege."

Hermenegildi akasema, "Ndiyo, Bwana." Nasi tukaenda kuchimba mashimo ya nguzo.

MAFANIKIO

Tunajivunia simu itokayo barazani kwa Bwana hadi jikoni kwake, hatua ishirini kamili. Sauti ni safi ajabu. Mpishi Fridolin humsikia Bwana hata akimeza mate. Zamani Bwana alilazimika kuita "Kahawa!" na Fridolin kuitika "Naam!" kwa mdomo mtupu, kama washenzi. Waya mnene uliobaki nao haukupotea. Sehemu yake huanikiwa nguo, na sehemu nyingine imezungushiwa kuku. Kuku wale wangetaka kuzungumza na Kiberege, wangesikika vizuri kuliko serikali.

YANAYOTUTATIZA

Kiberege hawasikii. Ukitega sikio unapata mvumo wa mbu, na baadaye hata mbu anachoka. Bwana akamtuma Hermenegildi akatengeneze. Alikaza vifundo vyote, kimya kikabaki kilekile. Akakumbuka agizo la fundi wa Kijerumani aliyetufundisha kazi: chini ya nguzo ya mwisho limezikwa bamba la chuma, na udongo wake sharti ulowe daima, kwa kuwa sauti hurudi kupitia ardhini. Kiangazi kilikuwa kimeukausha. Basi mtu wetu akachota maji kwa kibuyu, akapiga magoti, akayamwaga taratibu chini ya nguzo ya serikali, huku akihesabu vibuyu kwa sauti ya chini, mbele ya askari wawili.

Bwana Mkubwa, maji! Katika bonde hili, mwaka huu! Habari zilipotufikia tulishika vichwa. Mwenzetu akili yake yote ilikuwa kwenye waya, akasahau kwamba ndugu zetu walikufa kwa ajili ya maji.

Askari waliona dawa ya uasi. Bwana wa Kituo alipata nafuu kubwa, maana simu sasa ilikuwa na mchawi, na hapakuwa na haja ya kuuliza nani alichagua waya. Hermenegildi yuko Kiberege, mnyororo shingoni. Atanyongwa Jumatatu. Leo ni Jumamosi. Mkewe Verediana ndiye yule pale aliyekataa kukaa chini. Tunaogopa, Bwana Mkubwa, na tunakuambia wazi kwamba tunaogopa.

MAOMBI

Kwanza, agizo la kulowesha udongo limeandikwa kwenye kitabu cha kazi, kwa lugha yako. Tafadhali lisome mwenyewe, kwa kuwa tukilisema sisi linageuka uchawi.

Pili, kuku wa Bwana wavumilie ua wa miti, waya wao upelekwe Kiberege.

Tatu ndilo kubwa. Bwana wa Kituo ametuahidi kwa upole kwamba ukimsamehe Hermenegildi, yeye atapiga simu Kiberege papo hapo. Bwana Mkubwa, tunakuangukia miguuni, usimruhusu. Andika barua, utie mhuri. Verediana amekwisha kujifunga kibwebwe, na akitoka sasa atafika kesho kabla jua halijawa kali.

Mungu akulinde safarini, akupe afya, na leo akupe mkono mwepesi wa kuandika.

Ni sisi, Wavuta Waya wa Ifakara na Katindiuka. Jina la Hermenegildi bado tunaliita kila asubuhi kazini, na mmoja wetu huitika kwa niaba yake.