Risasi za Suzana Zinakokwenda

Mwaka 1979, ndani ya basi la Biharamulo kwenda Ngara, niliketi nyuma ya Suzana, mgambo aliyekuwa akijifunza bastola, na mzee Pancras, askari aliyerudi kutoka vitani Uganda.

"Risasi zangu zote zinakwenda kushoto, chini," alisema Suzana. Mzee akauliza kama zinakusanyika pamoja. "Unaweza kuzifunika kwa kiganja," akajibu.

"Basi mkono wako ni mzuri, mwanangu. Ila unavuta triga kwa pupa. Ivute taratibu, mlio ukushtue mwenyewe."

"Nimefanya hivyo, mzee. Mkufunzi naye alijaribu, zikaenda palepale. Tukabadilisha bastola, palepale."

Mzee akamgeukia. Mimi nilisogeza sikio bila aibu.

"Huko kushoto kuna nini?"

"Kaburi la bibi mmoja. Alikataa kuhamia kijiji cha ujamaa, akafia hapohapo Mbuba tunapofanyia mazoezi, kando ya barabara."

"Hamisheni shabaha!"

"Mkufunzi anasema huo ni ushirikina."

"Na alipokosa yeye, alisemaje?"

"Alisema ni upepo."

Basi likasimama Mbuba. Wote wawili walikuwa wa kushuka hapo, na kila mmoja alimsihi mwenzake atangulie.