Mita Tatu Alizozipenda

Dereva wa lori alikuwa anakwenda hospitali kufuta upasuaji wake. Vali moja ya moyo wake ilikuwa imebana, lakini vipimo viwili vya kiwango cha kubana vilikuwa vimegombana, naye alishachagua mshindi.

"Mpimaji wa kwanza alinilaza ubavu, akanikandamiza na kile kidude cha picha mpaka chini ya koo," alimweleza mzee aliyekaa naye kwenye treni. "Akasema damu inachomoka mita nne na nusu kwa sekunde, nipasuliwe. Wa pili alinigusa mara moja tu. Mita tatu! Mstaarabu kabisa."

"Na vali ikibana zaidi, damu hukimbia zaidi?"

"Ndivyo wasemavyo."

"Basi kubwa ndiyo kweli, mdogo wangu. Mimi ni trafiki mstaafu. Tochi ya kupimia mwendo, kama hicho kidude chako, ukiielekeza upande upande, inasoma pungufu. Haijawahi kumwongezea mtu."

Dereva akajivuta pembeni, kama dereva yeyote mwenye akili. "Mmechoka kuvizia vichakani, sasa mmehamia kifuani? Mimi mlinipiga faini kwa tochi hiyo hiyo, mlinionea!"

"Ulikuwa unakwenda ngapi?"

Dereva akatazama dirishani. "Tisini."

"Ikasoma?"

"Themanini na tano."

Mzee akatikisa kichwa. "Sikio la kufa..."

"Usimalizie, afande!"

Treni ikasimama kituo cha hospitali. Dereva akashuka bila kuaga. Mabishano yale yalimgharimu mzee vituo viwili alivyopitiliza, abiria wa nyuma usingizi wao, na dereva zile mita tatu alizozipenda.