Zéphirin Lusangi, Aliyetafuta Ziwa la Kale Juu ya Mlima wa Wamaza

Ndugu wa ukoo, wakwe zetu wa Wamaza, mapadri, machifu, na ninyi nyote mliolala nasi kilioni, familia imenituma niwasomee maisha ya mtu wetu, nami nayasoma kifua mbele.

Marehemu Zéphirin Lusangi alizaliwa Nyangwe tarehe 14 Machi 1908, mwana wa mvuvi Célestin na mama Louise, akasoma kwa mapadri Kasongo tangu 1917 hadi 1923, na mwalimu wake alimtaja kuwa mwepesi wa kuelewa na mwepesi zaidi wa kubisha.

Tarehe 2 Juni 1927 aliajiriwa na msafara wa wapima mawe, akawa kapita wao, msimamizi wa wapagazi, toka Kasongo hadi Kabambare, na muzungu wa msafara akamfundisha kusoma kuta za makorongo, kwamba zamani sana ziwa kubwa lilifunika nchi hii, maji yalipopanda ufuko ulirudi nyuma na tope laini likatua juu ya mchanga, maji yaliposhuka, au mito ilipoleta mchanga mwingi kushinda nafasi iliyokuwepo, ufuko ulisonga mbele na mchanga ukalifunika tope, ndiyo sababu mawe yamelala tabaka juu ya tabaka. Habari hiyo aliisimulia kwenye kila pombe, hata watu wakawa wanahama mkeka.

Tarehe 9 Januari 1932 alimuoa Apolline, binti wa Wamaza, wakamzaa Placide, na kazi ya msafara ilipokwisha alihamia ukweni. Mwaka 1936 serikali iliamuru kijiji kihamie juu, kando ya barabara, mahali pasipo maji, na Apolline, akiwa na mimba, aliteleza na mtungi akipanda kutoka mtoni, mimba ikatoka. Zéphirin alilia mbele ya watu bila haya, akaapa kwamba mkewe hatakanyaga tena mteremko ule kwa ajili ya maji.

Akaamua kuchimba kisima huko huko juu, na hapo akakosea, tena alikosea Kinyangwe hasa, maana sisi watu wa mtoni tunajua kwamba penye mchanga mweupe ukifukua kidogo tu unachota, basi akachimba penye mchanga mweupe, akapata vumbi. Wakwe zake, ambao leo wanalia kutushinda, walimcheka hadi sokoni Kabambare, eti mvuvi iko anatafuta ziwa juu ya mlima. Iliuma, lakini akili ni mali, akarudi korongoni kuutazama ukuta upya, akaona kwamba pale alipochimba mchanga haukuwa na tope chini yake, mvua ilipita moja kwa moja, ila upande wa mawio, ambako ziwa lilikaa sana kabla mito haijaleta mchanga, tope jeusi lilikuwa limelala nene chini ya mchanga, likiyazuia maji yasizame.

Akachimba huko, kwenye udongo mwekundu mgumu ambao hakuna aliyeutamani, pamoja na shemeji yake Raphaël, wakafikia mchanga wenye unyevu, kisha tope jeusi, na Raphaël kwa furaha akainua sururu atoboe apate maji mengi zaidi. Zéphirin alimnyang'anya, akamuuliza kwa ukali kama kwao mutu akiona mchuzi umejaa sahani huitoboa sahani. Kesho yake, tarehe 11 Agosti 1937, kiangazi kikiwa kikali, maji yalikuwa yamejikusanya, safi, na Apolline alichota wa kwanza.

Baada ya hapo walizaliwa Emilienne, Pacifique na Marie-Thérèse, na marehemu aliendelea kuonyesha mahali pa visima kando ya barabara ile hadi 1955, kifua kilipoanza kumsumbua. Mei mwaka huu alipelekwa Kasongo, akafariki tarehe 3 Oktoba 1957, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe.

Tunamshukuru daktari na masista wa lopitali, majirani waliombeba mabegani kwa tipoyi, kile kiti cha miti, wachimbaji wenzake, na wewe Raphaël, uliyelichimba kaburi hili bila kuruhusu mwingine ashike sururu. Njia ya kushukia mtoni imeota nyasi, na binti zake hawajui hata ilipoanzia. Pumzika sasa, Zéphirin, kiapo umekitimiza.