Dada Kopo na Nyumba ya Baba

Ndugu, jamaa na majirani, familia imemteua mdogo wa pekee wa marehemu awasomee historia hii, ikamwagiza asome yaliyoandikwa na asiongeze la kwake, na ninyi mnaomfahamu mdogo mtu huyu naona mmeshaanza kutazamana, kwa sababu mnajua agizo hilo halitafika mwisho wa ukurasa.

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Dada Kopo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1956, katika chumba cha nyuma cha nyumba ambayo baba yetu, fundi mwashi, alikuwa bado anaijenga, wakati paa lilikuwa limefunika upande mmoja tu. Mama alipenda kusimulia kwamba jambo la kwanza mtoto alilofanya hapa duniani ni kupiga chafya kwa vumbi la saruji, na tangu siku hiyo hakuacha kushughulika na hewa ya nyumba za watu. Mdogo wake alizaliwa miaka tisa baadaye, akalelewa mgongoni kwa dada yake, jambo ambalo alikumbushwa kila alipojifanya mkubwa, hata alipokuwa na mvi.

Alisoma shule ya msingi iliyotazamana na kiwanda cha mbao kuanzia mwaka 1963 hadi 1969, kisha sekondari ya wasichana hadi 1973, na tarehe 18 Novemba 1977 akatunukiwa stashahada ya ufundi wa maabara. Mwalimu mkuu aliwahi kuandika kwenye ripoti yake kwamba mtoto huyu anauliza maswali hadi mwalimu anasahau somo, na baba, aliyekuwa hasomi vizuri, aliiona ni sifa, akaitundika sebuleni, na ipo pale hadi leo.

Tarehe 1 Februari 1978 aliajiriwa katika maabara ya idara ya afya ya mazingira, akapima maji ya visima kwa miaka kumi na sita, hadi mwaka 1994 alipopelekwa kozi ya miezi mitatu, akarudi na sanduku la makopo bapa ya bati yenye chembe za mkaa ndani, na habari ya gesi iitwayo radoni. Aliieleza habari hiyo nyumba kwa nyumba bila kuchoka, kwamba gesi hii hutoka kwenye miamba na udongo, haina rangi wala harufu, hupenya kwenye nyufa za sakafu, hujikusanya vyumba vya chini visivyopitisha hewa, na mtu akiivuta miaka mingi inaweza kumletea saratani ya mapafu hata kama hajawahi kugusa sigara. Sharti lake lilikuwa moja, madirisha na milango ifungwe tangu siku iliyotangulia, kopo, ambalo mkaa wake huinasa gesi hiyo ikapimwe maabara, liwekwe chumbani mbali na dirisha, likae siku nne, na asiliguse mtu.

Lakini binadamu ni binadamu, mshona nguo wa kona ile alilisugua kopo kwa majivu hadi likang'aa, mwalimu mmoja mstaafu akalifungia kabatini pamoja na sahani za harusi yake, na mama mmoja, ambaye yupo hapa na hatatajwa, alilitia kwenye friji lisiharibike. Marehemu hakumcheka mtu usoni, alilibeba kopo, akaleta jingine, akacheka akifika kwa mume wake. Alikuwa na msemo wake kwamba nyumba haina haya, wenye haya ni wenye nyumba.

Mume huyo, shemeji yetu, ni fundi bomba, walifahamiana alipoitwa kuzibua sinki la maabara, akarudi mara tatu kulizibua sinki ambalo halikuwa limeziba, wakafunga ndoa Jumamosi tarehe 14 Agosti 1982, wakajaliwa watoto wawili, binti ambaye ni muuguzi na mwana ambaye ni dereva wa treni. Radoni ilipoingia katika ndoa hiyo, mke akawa anapima na mume anatoboa sakafu, anapitisha bomba hadi juu ya paa, anafunga feni ya kuinyonya hewa ya chini na kuitupa nje, kisha mke anapima tena, kwa kuwa kazi ya mume wake hakuiamini kwa macho.

Hapa ndipo msomaji wenu anaposhindwa agizo alilopewa. Mwezi Juni 2009 marehemu alileta kopo nyumba ya baba, ambamo mdogo wake anaishi na mke wake, na binti yao, wakati huo wa miaka sita, alikuwa analala chumba kile kile cha nyuma. Baba alikuwa amefariki miaka minne nyuma, na mdogo mtu aliona kuipima nyumba ile ni kumpima baba, na ikionekana mbaya ni kama kumtukana mzee kaburini, basi dada alipoondoka tu, alilichukua kopo akaliweka barazani nyuma ya tangi la maji, likakaa huko siku zote nne, na asubuhi ya mwisho akalirudisha chumbani, akampokea dada yake kwa chai. Majibu yakaja kumi, namba ndogo kabisa, maana hatari yeye aliihesabu kuanzia mia moja, dada akaitazama karatasi, akamtazama mdogo wake, akasema ni vizuri, akaomba chai iongezwe sukari. Mwezi Septemba shemeji akaja na bomba na feni, akasema ni kwa ajili ya unyevunyevu wa sakafu, na swichi akaiweka juu ya dari, mahali ambapo ngazi ya mwenye nyumba haifiki, na mwenye nyumba akalalamikia mvumo wa feni ile miaka kumi na tano.

Miaka hiyo yote mdogo mtu hakuwa na amani, kila binti yake alipokohoa yeye alikohoa moyoni, na hakuthubutu kusema. Marehemu alianza kuugua moyo Machi 2023, akalazwa mara tatu, na mara ya mwisho mdogo wake alikaa kando ya kitanda akiwa amejiandaa kukiri, akafungua kinywa, na dada yake akamwomba tu amfungie dirisha, upepo unamchoma. Alilifunga, akarudi kukaa, akamrekebishia shuka badala ya kukiri. Jumanne tarehe 12 Novemba 2024, saa nne asubuhi, dada yetu alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka sitini na nane.

Alhamisi, binti yake muuguzi alileta daftari la kazi la mama yake, lililoandikwa hivi. Nyumba ya baba, Juni 2009, kumi, hiyo ni hewa ya nje, mdogo wangu kaliweka barazani, simwulizi. Nyumba ya baba, Julai 2009, wiki niliyobaki na mtoto wazazi wake wakiwa safarini, chumba cha nyuma, mia nne na ishirini. Nyumba ya baba, Oktoba 2009, baada ya bomba, sitini, mtoto alale salama. Na chini, kwa mwandiko wa mwaka huu uliokwisha kutetemeka, mdogo wangu apime mwenyewe kila baada ya miaka miwili, na akiona haya mkumbusheni kwamba baba aliupima ukuta ule kwa timazi kila mstari wa tofali, hakuona kupima ni matusi.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi wa wodi ya moyo, wafanyakazi wenzake wa maabara waliolibeba jeneza, na majirani mliolala nasi sakafuni siku zote hizi. Familia inamshukuru shemeji, aliyetunza siri kwa miaka kumi na tano na kuvumilia lawama za feni. Makopo yake yaliyobaki yako mezani pembeni ya kitabu cha wageni, kila nyumba ichukue moja, na kama kuna mwingine aliyewahi kuliweka nje, asiogope kurudi kuchukua. La nyumba ya baba limeshachukuliwa, mkishatawanyika nitafunga madirisha na kuliweka chumba cha nyuma kwa mkono wangu.

Dada yangu, uliyenibeba hata nilipokuwa nakudanganya, pumzika kwa amani, safari hii kopo litalala ndani.