Luciana Alphonce, Mama Mnada wa Itigi (1950–2004)

Marehemu Luciana Alphonce, ambaye leo tunamsindikiza, alizaliwa Mitundu tarehe 3 Machi 1950, mtoto wa tatu wa Mzee Alphonce na Mama Eliza, waliolima mtama na kufuga nyuki. Mwaka 1959 alianza Shule ya Msingi Mitundu, akasoma hadi darasa la nne. Nafasi za kuendelea zilikuwa chache, naye akarudi nyumbani kumsaidia mama yake. Shangazi zake walisimulia kwamba akitumwa kuuza asali gulioni, hakurudi nayo hata siku moja, wala hakuiuza kwa bei ya kutupa.

Tarehe 11 Julai 1970 alifunga ndoa na Emilian Melkiori, fundi wa kuchomelea vyuma katika karakana ya shirika moja la umma hapa Itigi. Mungu aliwajalia watoto wanne: Jenipher, Nathan, Anselm na Febronia. Wakati mshahara wa mumewe ukianza kulemewa na bei za vitu, Luciana aliuza maandazi na karanga stesheni kwa abiria wa treni.

Ni hapo stesheni alipoujua mnada. Mwaka 1987, biashara ikiwa imeanza kufunguliwa, mizigo iliyokosa wenyewe iliuzwa hadharani. Luciana alinunua sanduku zima la vioo vya taa za chemli, bila taa hata moja. Watu walimcheka mpaka nyumbani kwake. Lakini kila nyumba ya Itigi ilikuwa na taa, na kinachovunjika kwenye taa ni kioo. Haikufika Jumapili, sanduku likawa tupu. Tangu siku hiyo alifuata minada Manyoni, Singida mjini na popote mashirika yalipouza mali zao, akinunua vilivyodharauliwa na kuviuza kwa waliovihitaji. Aliwahi mapema, akavishika vitu kimoja kimoja, kisha akaenda kukaa mbali na kumenya karanga kama mtu asiye na haja. Bei ikitaka kufungwa, ndipo aliponyoosha kidole. Watu wakamwita Mama Mnada, na jina hilo alilifurahia.

Mwaka 1993 karakana ilifungwa na mafundi wote wakapunguzwa kazini. Emilian alirudi nyumbani akiwa mtu mwingine. Jioni alikuwa akimweleza mkewe habari za karakana kama mtu anayemzungumzia ndugu aliyefariki. Miongoni mwa aliyomweleza ni kwamba mashine ya kuchomelea ilikuwa nzima kabisa. Iliondolewa nyaya tu, na anayeiangalia kwa nje angedhani imekufa.

Tangazo la mnada lilipobandikwa, mafundi waliapiana kwamba hakuna atakayetoa bei. Walitumaini vifaa vikikosa mnunuzi, wataachiwa wao. Emilian alimwomba mkewe asiende. Luciana alimsikiliza huku akimenya karanga. Jumamosi, tarehe 6 Novemba, alijifunga kitenge akaenda.

Mafundi walisimama upande mmoja. Naftali, mfanyabiashara kutoka Singida mjini, alikuwa amekuja na lori, akachukua karibu kila kitu bila mpinzani. Ilipofika zamu ya mashine ya kuchomelea, aliitazama pale nyaya zilipokatwa, akataja bei ya chuma chakavu. Dalali akaita mara ya kwanza, akaita mara ya pili. Luciana akanyoosha kidole. Naftali akacheka, akamwachia.

Mkokoteni ulipoingiza mashine uani, Emilian alisimama mlangoni.

"Yale niliyokwambia kwa uchungu wangu, Mama Jenipher, ndiyo umeyafanyia biashara?" alimwuliza.

Chakula cha jioni hakikuguswa. Kesho yake kanisani, Bonifasi, rafiki wa Emilian na fundi mwenzake, alipokea salamu ya Luciana akiwa ameangalia pembeni.

Luciana na mumewe walipotoka misa walimkuta Naftali uani. Alikwisha kusikia kwamba mashine ni nzima, na alikuja na bei iliyozidi mara kadhaa ile aliyolipa Luciana. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Luciana, na faida ya namna ile alikuwa hajawahi kuipata. Alimtazama Naftali, akamtazama mumewe aliyekuwa amekaa kizingitini, kofia mkononi.

"Ungekuja jana, ningekuuzia," alimwambia Naftali. "Leo mwenyewe yupo. Muulize yeye."

Emilian alivaa kofia yake, akainuka. Kisha akasema, "Haiuzwi."

Wiki hiyo Luciana aliuza robota la mitumba alilokuwa amelihifadhi kwa ajili ya Krismasi, akanunua nyaya. Wa kwanza kuja alikuwa Bonifasi. Alikuja na plau ya shemeji yake iliyovunjika, akasema amepita tu. Aliondoka jua likizama, mikono imejaa masizi, na asubuhi akarudi. Baadaye wakaja wenzao wengine. Uani pale palitengenezwa mikokoteni, milango na majembe ya kukokotwa na ng'ombe, yaliyokwenda hadi Mitundu na vijiji vya mbali zaidi. Luciana aliendelea na minada yake, akileta vyuma ambavyo mafundi walivipa uhai. Kwa kazi hiyo watoto wote wanne walisoma, na familia kadhaa zilizo hapa leo zilikula.

Miaka mingi baadaye Emilian alimwuliza kama siku ile mnadani alikuwa amemfikiria yeye. Luciana alicheka, akamwambia ukweli: "Niliiona bei ndogo, Baba Jenipher. Mengine yalikuja nilipokuona umekaa pale mlangoni." Mzee ameomba maneno hayo yasomwe leo, kwa sababu anasema hakuna aliyewahi kumpa jibu lililomtuliza kama hilo.

Mwaka 1999 marehemu aligundulika kuwa na kisukari. Alifuata masharti ya daktari, isipokuwa lile la kupumzika. Mguu ulipomsumbua, Anselm alimbeba kwa baiskeli hadi mnadani. Mwezi Aprili mwaka huu hali yake ilibadilika, akalazwa hospitali ya misheni hapa Itigi. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upendo, Jumuiya iliyomwombea, na majirani zetu Waislamu walioleta uji kila asubuhi wakiwa hawajaombwa. Alifariki Jumanne, tarehe 18 Mei 2004, saa kumi na moja alfajiri, mumewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minne.

Marehemu ameacha mgane, Mzee Emilian Melkiori. Watoto wanne, Jenipher, Nathan, Anselm na Febronia. Wakwe, wajukuu saba na dada yake mmoja, Redempta. Tunamshukuru Mungu aliyetupa mama huyu, na tunamshukuru mama kwa yote aliyotutendea.

Pumzika, Luciana, mikononi mwa Bwana, na amani yake isiondoke kwako. Amina.