Mama Delphine Mumba na Mashine Isiyosoma Majina

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha ekografia ya moyo, kipimo cha kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti, Mama Delphine Mumba anastaafu tarehe 30 Juni. Alianza kazi mashine ikiwa kubwa kama kabati la arusi. Anaiacha ikibebwa kwenye mkoba. Yeye mwenyewe hajapungua, na ameomba jambo hilo lisitajwe.

Wengi Lubumbashi wanamfahamu kwa mikono yake yenye joto na jeli yake ya baridi. Sisi wenzake wa kazi tutamkumbuka zaidi kwa utafiti wa mioyo ya vijana wenye afya. Vipimo tulivyovitegemea vilitoka Ulaya, nasi tulitaka kujua moyo mzima wa kijana wa hapa kwetu una ukubwa gani na unasukuma damu vipi, ili aliye mgonjwa tumtambue mapema.

Tukafungua vifaa katika shule moja ya Kenya, komini mojawapo ya mji wetu wa Lubumbashi. Siku ya kwanza vijana walijaa; ya pili hakuja mtu. Uvumi ulikuwa umeenea kwamba mashine inaandika kwenye skrini jina la yule unayempenda. Daktari Stéphane, mkuu wa utafiti, alieleza kwa michoro na kwa subira. Hawakurudi. Akaanza kufikiria kufunga mizigo.

Ndipo akaja Papa Mbuyi, mwuza vitenge, akimvuta binti yake Exaucée, mkewe akifuata nyuma. Uvumi uliowakimbiza wengine ndio uliomleta yeye.

“Mama, banasema mashini yako inaonyeshaka jina. Nataka kuona ya huyu mutoto.”

Exaucée alikaribia kulia. Mama Delphine akamtazama binti, akamtazama baba, kisha akanyoosha shuka kitandani.

“Muzuri, papa. Lakini tunaanzaka na muzazi. Lala hapa, na mama asogee karibu, asome.”

Mkewe akasogea kwa hamu tuliyoiona sote. Papa Mbuyi akakumbuka kwamba ameacha magazini yake ya vitenge wazi, akatoka mbio.

Exaucée alicheka mpaka akasikika uani. Mama Delphine akamweleza taratibu kwamba mashine huona nyama, milango midogo ya moyo na damu inavyopita. Mengine ni ya mwenyewe. Mama yake akatoa kibali, binti akapimwa, na kabla ya adhuhuri wenzake walikuwa wakisukumana mlangoni. Utafiti ukakamilika. Leo mioyo ya vijana wetu inalinganishwa na ya wenzao wa hapa, si ya Ulaya.

Jioni ile Papa Mbuyi alirudi peke yake. Akalala kitandani, akautazama kwenye skrini moyo wake ukifunguka na kufungika.

“Na jina haina?”

“Haina, papa.”

“Basi bibi yangu, mama ya Exaucée, akuje aone.”

Mama Delphine, asante kwa yote. Tunakuombea afya, usingizi mrefu, na majirani wasiokuletea mioyo yao kabla hujamaliza chai.