Makabidhiano ya Ijumaa

Amri ya korona iliacha kiti kitupu ndani ya matatu kati ya abiria na mwenziwe, kwa hivyo siri zilisemwa kwa sauti. Kadzo, aliyekuwa akienda Shimoni, aliyasikia yote ya wanawake wawili waliokaa mbele yake.

"Kila Ijumaa nilikuwa nikimkabidhi mtoto kwa babake uani mwa msikiti, watu wakitoka kusali," alisema Yusra, amempakata bintiye. "Kadhi ndiye aliyetaka hivyo, maana bwana yule alinivunja mkono. Sasa msikiti umefungwa, huyo babake ameniambia nimpeleke nyumbani kwake."

"Mpeleke, mwanangu," alijibu bibi mwenye kikapu. "Ukimzuia atasema umemnyima damu yake, na kadhi atampa yeye."

"Na nikifungiwa mlango nami ndani?"

"Kwani amekuwa simba?"

"Bwana yule huona haya mbele za watu tu, mama."

"Basi mpe mtoto hapo barabarani, usifike kwake."

"Mbele ya nani? Watu wote wamejifungia majumbani."

Gari likasimama. Njia panda ya Bodo, ambapo siku zote hapakosi muuza kahawa na mafundi cherehani, palikuwa na mwanamume mmoja, hana barakoa, anatabasamu.

"Baba!" mtoto akapunga mkono.

Yusra alishuka taratibu na bintiye, bibi bado anamhimiza kutoka kitini juu ya haki ya baba. Kadzo aliitazama ile barabara tupu. Shimoni kulikuwa mbali bado. Akachukua mfuko wake, akashuka nyuma yao.